Digrii Mbili za Ziada

Julai, saa moja na nusu asubuhi, ghorofa ya saba.
Mjengo huu wa Ngara bado hauna ukuta wa kuzuia baridi.
Bomba la chuma limelala usiku kucha juu ya slabu;
ukilishika bila glavu, nalo linakushika.
"Lisalimie kwanza," anasema Mwalili. Hacheki.

Tepu. Chaki. Inchi kumi na nane kutoka mdomoni,
utoe sita, ambazo benda hujilia yenyewe kwenye kona.
Nikauliza kwa nini sita.
"Ushuru," akasema. "Umewahi kukata kona Nairobi hii bila kulipa?"

Kiatu cha benda kinameza bomba hadi kwenye alama.
Mkono wake ni mrefu kuliko mimi. Nauning'inia,
na meno ya gurudumu yanahesabu kwa sauti,
ta, ta, ta,
kama bibi anayehesabu noti asizoamini.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliimbishwa shuleni.
Kuhusu chuma wahenga walinyamaza.
Chuma hakikuwahi kuwa kibichi,
kilitoka tanuruni kimeshaamua.

Tisini, nasoma kwenye kipimo. Naachia.
Kinarudi. Kidogo tu,
kama mtu aliyekubali mbele ya kikao
kisha akafika nyumbani akapiga simu.
Themanini na nane.
"Hakisahau hicho," anasema Mwalili.
"Kidai zaidi ya unachotaka. Tisini na mbili.
Kikirudi, mtakutana."

Bomba la tatu niliharibu.
Mkunjo wa pili uliukosa mstari wa wa kwanza
kwa unene wa kidole, basi,
na chuma kizima kikasimama pale slabuni
kama mbwa aliyeona nguzo.
Mguu wa mbwa: ndivyo mafundi wanavyouita hasa.
Vijana wa zege walicheka mpaka mmoja akabweka.
Kosa la simiti unalificha kwa plasta.
Hili lina urefu wa mita tatu, na linang'aa.

Toroitich, msimamizi, akaandika daftarini:
*Mokeira. Bomba moja. Kata.*
Sikujua kinachokatwa ni bomba au ni mshahara.
Jumamosi nikajua.

Mwalili hakunipa pole. Alivua glavu ya kulia
akanionyesha kidole cha shahada,
kilichonaswa na benda mwaka aliozaliwa kitinda mimba wake,
kikapinda kwenye kiungo, kisinyooke tena.
"Shahada yangu ndiyo hii," akasema,
akavaa glavu, akaniletea bomba la nne.

Adhuhuri akanifundisha hesabu ya mwisho.
Kati ya sanduku na sanduku, kona nne tu.
Ya tano, hata upake sabuni, waya unagoma.
Nikala githeri yangu nikihesabu zangu:
kidato cha tatu kilichokatikia katikati,
duka la shangazi Kariobangi lililofungwa na deni,
na huku juu, kwenye upepo, na tepu kiunoni.
Tatu.
Niliinua kijiko nikakirudisha.

Ijumaa walimwaga zege. Kona zangu kumi na saba
zilizama zikiwa sawa, tisini kila moja,
na mtu fulani atabonyeza swichi hapo juu
akiwaza chakula cha mtoto. Vizuri. Abonyeze.

Lile lililoharibika nililipia, kwa hiyo nililibeba.
Nimelitundika chumbani kwa waya, nguo ziko juu yake,
zote zimeteleza upande mmoja, upande wa dirisha.
Stima zikipotea, kama jana,
nalipapasa gizani nikitafuta sweta,
na mkono unafika pale penye mguu wa mbwa
kabla haujafika kwenye sweta.