Kijineno

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Accra,
lifti imekufa tangu Pasaka,
nami na Wakili Muthengi tunabishania herufi mbili.

Kitenzi chenyewe ni kizee cha Kilatini,
kimevaa tai, c na q zimebanana shingoni;
maana yake kuridhia bila kutamka lolote.
"In," nasema. "Hakiendi na kingine.
Kidato cha pili, Mwalimu Adhola alinikata alama tatu."
"To," asema yeye. "Majaji wangapi wameandika to!"
Tunafungua kamusi.
Mende wameanzia A.

Kwenye benchi, Bi. Syombua,
bahasha ya kaki magotini:
ploti ya Ruai, futi hamsini kwa mia,
shemeji aliiuza matanga hayajaanuliwa.
Barua ya upande wa pili yasema mjane aliridhia.
Kwa kitenzi hicho hicho. Na "to".

"Wanangu, mnagombania nini?"

Namweleza: kitenzi cha Kizungu, mama,
hakivuki barabara peke yake,
sharti kijineno kikishike mkono;
ukikosea kijineno, wanakucheka Milimani.
"Na chetu?"
Chetu hubeba kijineno tumboni.
Andika, andikia. Lia, lilia.
Kimejitokeza kidogo tu, kama mimba ya miezi minne.

Anacheka, anafunga leso upya.
"Basi andika vizuri. Sikuridhia. Nilinyamaza."

Muthengi anavua miwani.
"Hapo ndipo penye kesi, mama.
Huko kunyamaza ndiko wanakokuita kuridhia."

"Nilinyamaza, sikunyamazia.
Wanaume saba sebuleni kwangu,
vikombe vyangu mikononi mwao.
Nikafungua mdomo. Shemeji akasema, kwa upole,
mleteeni mjane maji, amechoka.
Nikaletewa maji.
Nilinyamazishwa."

Silabi sita.
Chini, mwenye duka la redio anajaribu spika,
moja mbili, moja mbili.
Natafuta kwa Kiingereza chombo cha kubebea hilo lote,
maji, vikombe, ule upole;
napata cha kubeba nusu,
nusu inabaki benchini, imekumbatia bahasha.

Kishale kinapepesa kwenye skrini.
"In," asema Muthengi hatimaye,
kama mtu anayelipa deni la zamani kwa sarafu.
"Lakini kabla ya kitenzi,
weka hakuwahi."