Ngeli ya Msomaji

Sentensi ya kwanza imenikalisha mpaka saa sita usiku
hapa Nkuhungu, feni ikitafuna vumbi:
"wakala atasoma", au "wakala itasoma"?
Kompyuta haina msaada,
imeyapigia yote mawili mstari mwekundu.

Kazi yenyewe ni ndogo.
Chama cha wakulima wa zabibu, Hombolo, kina tovuti,
tovuti ina kifaa cha kuhesabu wanaoipitia;
tumekiita Nyayo.
Zamani ripoti ilisomwa na Ndahani, mhasibu,
aliyejua bila kuambiwa
kwamba Jumapili namba hushuka kwa sababu ya ibada
na msimu wa kupogoa hakuna anayeshika simu.
Sasa inasomwa na akili mnemba,
na mimi nimelipwa nusu, nusu baadaye,
niiandikie kila alichokijua Ndahani
bila kujua kwamba anakijua.

Toleo la kwanza niliandika kama ninavyomwandikia mtu:
"Mgeni ni yeyote anayefungua ukurasa."
Wakala akasoma. Akahesabu. Akaandika barua
yenye adabu kuliko ya karani wa wilaya:
wageni elfu nne mia moja na sita
wameulizia zabibu wiki hii.
Chama kikakodi Fuso mbili.
Makreti yakapangwa tangu alfajiri,
zabibu zikaanza kutoa machozi,
nyuki wakafika kabla ya wanunuzi.
Wanunuzi walikuwa watatu.
Wengine wote, elfu nne mia moja na tatu,
alikuwa wakala mwenyewe
akirudi kila dakika mbili na ushei
kuangalia kama kuna mgeni.

Hakuna aliyemfokea. Utamfokea nani?
Nilifokewa mimi.
Ndahani alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaanza upya:

Wewe si mgeni. Ukifungua ukurasa, jitoe kwenye hesabu.
Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hapa, akikaa kimya dakika thelathini
anahesabiwa mgeni mpya, na jembe hapati.
Ziara si mtu.
Sifuri ni neno; nafasi tupu ni kimya.
Jumanne umeme ulikatika Kizota, seva ikalala:
usiandike kwamba hakuja mtu,
andika kwamba hatukuwa na macho.
Usipojua, uliza.
Usipopata wa kumuuliza, simama hapo hapo.

Mstari huo wa mwisho nimeuweka sehemu tatu,
maana hata watu, ukiwaandikia mara moja, wanauruka.

Kisha nikafungua takwimu ghafi kutafuta mfano.
Upo mstari mmoja: simu ndogo, mtandao dhaifu, Mpwapwa,
saa nane na dakika kumi na mbili za usiku,
ukurasa wa bei ya miche,
mara kumi na moja, bila kubofya chochote.
Ndahani angesema: huyo anapiga hesabu,
ana nusu ekari na hana maji,
usimtumie tangazo, mpigie.
Ila Nyayo haishiki namba ya mtu,
na ni vyema isishike.
Niliandika: "Kurudia si kununua."
Nikafuta.
Nikaandika: "Kurudia si kununua, lakini si bure."
Sijui atalichukuaje hilo neno bure;
huenda akaenda kutafuta bei.

Na ngeli? Nimempa a-, ya watu,
kwa uvivu wa ulimi,
na kwa sababu kosa lake nalifahamu:
kusikia nyayo zako mwenyewe
ukadhani umefikiwa.

Nusu ya malipo bado.
Upepo umeusukuma mlango wa uani,
nikageuka kutazama.
Hapakuwa na mtu.
Sikuhesabu.