Kete Thelathini na Moja

Shangazi Somoe aliniachia bati la biskuti,
ndani yake sataranji, na maneno matatu:
"Usiuze. Usimwazime mtu."

Nilizipanga sebuleni, Mkomani, mchana umeme ulipokatika.
Upande mmoja mbambakofi, mwekundu kama ini,
upande wa pili mfupa uliogeuka rangi ya chai ya maziwa.
Farasi si farasi, ni punda,
masikio yamelala nyuma, kama punda anayekataa mzigo wa mawe.
Punda mmoja hayuko. Mahali pake pamesimama
kifuniko cha chupa ya manukato.

Nyumbani tuliambiwa: zawadi ya mfalme.
Mfalme gani?
Hapo kila mtu alikumbuka ana jambo jikoni.

Bwana Famau, mchonga milango, alimnusa shaha,
akamgonga kwa ukucha.
"Mti huu ulikuwa kitu kingine kwanza. Ona tundu la msumari.
Huu ni mguu wa kitanda."
Akarudi kwenye randa yake.
Kijana wa makumbusho alisema labda Surati, labda Siyu,
nirudi wiki ijayo.
Wiki iliyofuata akasema labda.

Ni mimi niliyebandua kitambaa cha chini
kwa wembe na mvuke wa birika.
Kaki. Sare ya askari jela,
ileile aliyoivaa babu kwenye picha ya ukutani,
funguo mkononi, mbele ya lango la Ngome.

Ngome. Nikacheka peke yangu.
Kete nne za pembeni, nilizodhani ni minara,
zina kidirisha kimoja tu, juu kabisa,
dirisha la mtu aliyelitazama kutoka chini.

Basi nikavishika vitunda, kimoja kimoja, kwa taa ya simu.
Wanane wa mfupa wana kofia na vifungo.
Wanane wa mti wamenyolewa vichwa.
Hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana tezi, mmoja anacheka,
na kule kwenye mfupa, wa tatu kutoka kushoto,
sikio la kulia limekatika ncha,
sikio ambalo babu alituapia aling'atwa na punda.

Shaha wa mti hana taji. Ana bakuli la uji, limepinduliwa.
Chini ya miguu yake, namba: 117.

Madaftari ya jela yaliliwa na mchwa. Mpishi wao hakuliwa.
"Mia na kumi na saba? Kupi Lali, seremala.
Miezi kumi na minane, kwa mlango aliouuza mara mbili."

Bintiye, Mwanaate, anauza achari Langoni.
Nilimpelekea bati. Hakulifungua.
Aliingia ndani, akatoka na fundo la leso:
punda mwekundu, masikio mbele.

Nikamwuliza: babu alizinunua? Alishinda? Alimpokonya?
"Babangu alisema hawakumaliza."
Asubuhi ya kuachiwa, mchezo ukiwa katikati,
askari alibaki na ubao,
mfungwa akatoka na punda mfukoni,
asije mtu akasema ameshinda.

Nilinyoosha mkono. Akafumba kiganja.
"Si wa kutwaa, mwanangu. Ndoo nazo hapa Ijumaa, tuteze."

Sijui kucheza.
Miezi yote hii nimetafuta asili ya kitu
nisichowahi kukisogeza.
Usiku huu najifunza, na kile kifuniko cha manukato:
punda huenda mbili, kisha moja kando,
na yeye peke yake
huwaruka waliomzuia.