Kurudi

Miaka arobaini neno hili lilikuwa la njiwa.
Jumamosi lori liliwabeba hadi ng'ambo ya mto Oder,
Jumapili mimi uani, saa mkononi, shingo imekakamaa,
nikitafuta vidoa juu ya bomba la moshi la mgodi.
Wakitokea nilisema: wamerudi.
Gryzelda akaweka supu mezani.

Mwezi Machi daktari Sobczyk alinikalisha mbele ya kompyuta,
akanionyesha pafu la kushoto, akasema:
"Bwana Alojzy, umerudi."
Nikamjibu, ndiyo, si mmeniita?
Akanyamaza. Akasogeza kidole kwenye kioo.
Hakuwa akinisema mimi. Alikuwa akiusema uvimbe.

Fomu ina kurasa ishirini na sita.
Niliisoma jikoni, Gryzelda akimenya viazi,
nikapiga mstari chini ya kila "huenda":
huenda ikasaidia, huenda ukatapika,
huenda kucha zikalegea, huenda
tukajifunza jambo litakalomfaa mwingine.
Nilipofika hamsini na tatu niliacha kuhesabu.
"Hakuna hakika hata moja?"
Ipo. Ukurasa wa tisa: unaweza kujitoa wakati wowote
bila kutoa sababu.
Kule chini, mita mia saba,
hakuna aliyewahi kutuandikia hivyo.

Kompyuta ya mbali ikapiga kura:
dawa ya zamani peke yake,
au ya zamani na mpya pamoja.
Nikaangukia pamoja.
Gryzelda akashangilia kana kwamba nimeshinda bata bukini
kwenye bahati nasibu ya parokia.
Muuguzi Halszka akamtuliza: hatujui bado ipi ni bora, mama,
ndiyo maana tunauliza.
Nikavua shati, nikapanda mizani.
Swali lilikuwa na kilo sitini na nne.

Moja hutiririka mshipani dakika tisini.
Nyingine ni vidonge rangi ya matofali ya nyumba zetu,
viwili asubuhi, kabla ya mkate.
Halszka alieleza: hii inagonga mlango wa mbele,
ile inaziba dirisha la nyuma.
Naijua kazi hiyo, nilimwambia.
Mmoja anachimba, mwenzake anasimika nguzo.
Dari ndiyo huua.

Wamenipa daftari. Safu ya homa, safu ya vipele,
safu ya choo (hapo nimejifunza ukweli mtupu),
safu ya ladha: nimeandika "sarafu".
Pembeni, kwa penseli, naandika mengine.
Halszka alikuta: "4402 bado."
Ni mshiriki? akauliza. Maana mimi ni 0117.
Ni jike la kijivu, nikasema, hajarudi tangu wiki ya nne.
Utafiti wetu hauna safu ya njiwa.
Lakini hakufuta.

Bibi Kurzeja alikaa kiti cha tatu, karibu na radiata.
Alifuma soksi, akaniahidi jozi ya buluu.
Wiki ya kumi na moja kiti kilikuwa na kijana
mwenye vipokea sauti masikioni.
Sikuuliza. Siri za wagonjwa zinalindwa,
ukurasa wa kumi na nne.
Miguu yangu ilikuwa baridi siku nzima.

Jana walinipitisha tena kwenye ile pete kubwa nyeupe:
vuta pumzi, izuie, pumua.
Ulikuwa milimita thelathini na moja.
Sasa ishirini na tisa.
Sobczyk anasema hiyo haitoshi kuitwa kupungua,
wao huita kutulia.
Milimita mbili. Punje ya mtama.
Nimewalisha njiwa mtama maisha yangu yote,
sikuwahi kuitazama punje moja kwa muda mrefu hivi.
"Ni habari njema?" Gryzelda aliuliza.
"Ni habari," daktari alisema, akakohoa,
akaomba radhi kwa kukohoa.

Usiku huu nimeacha kidirisha cha banda wazi.
Theluji imeanza, nyembamba, inayeyuka kabla ya kutua.
Gryzelda ananiita ndani, anasema paka ataingia.
Huenda.