Mguu Niponye

Viatu vyangu vilikuwa na soli nene kama godoro la fungate,
povu juu ya povu, pauni mia moja na arobaini,
na muuzaji wa pale Dundee aliviminya kwa dole gumba
kama mtu anayechagua parachichi sokoni.
"Lami hutaisikia kabisa," akaniambia.
Alisema kweli. Sikuisikia.
Nililolisikia ni goti la kushoto,
kila alfajiri, kwenye ngazi za chumba cha kufulia cha hospitali,
likinung'unika kama mpangaji asiyelala.

Fergus Rennie, tarishi mstaafu, miaka sitini na tisa,
hukimbia Magdalen Green na vipande vya ngozi
vyembamba kama chapati za mtu bahili,
kamba katikati ya vidole.
Akanisikia nikija kabla hajaniona.
"Unakanyaga ardhi kana kwamba unaidai," akasema. "Vua."
Kisha, kwa nia njema kabisa:
"Kwako itakuwa rahisi. Ninyi mmezaliwa nayo."

Ninyi.
Nikacheka hadi ukungu wa mto Tay ukanipalia.
Mimi, Mzee Rennie, nimezaliwa ghorofa ya tatu, Morogoro mjini,
mama yangu bibi afya
aliyeona safura katika kila chembe ya mchanga.
Ndala za chumbani, ndala za bafuni, ndala za uani,
na viatu vyeusi vya shule, vikang'arishwa
mpaka unajihesabu meno.
Nyayo zangu na dunia hawakuwahi kuonana.
Walisikiana habari tu, kama mashemeji wa mbali.

Nilivua mwezi wa nne, nyasi zingali na baridi ya wembe.
Hatua ya kwanza: mama wee.
Kisigino, yule kiherehere aliyezoea kutangulia,
akarudi nyuma mwenyewe, bila kuambiwa.
Hatua zikafupika. Magoti yakalegea.
Nikatua kwa mbele, kimyakimya,
kama mtu anayeingia nyumbani saa nane za usiku
na hataki watoto waamke.

"Dakika tano," Fergus alisema. "Wiki mbili nzima, tano tu."
Nikakimbia arobaini.
Kwa sababu ilikuwa tamu. Kwa sababu mashavu ya miguu
yalikuwa bado hayajapata nafasi ya kulalamika.
Wahenga walikwisha kunisema, tena kwa kutaja kiungo:
asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Nami miaka yote nikidhani ile ni methali.
Eksirei ikaonyesha ufa, unywele mmoja,
kwenye mfupa ulio nyuma ya kidole cha pili.
Wiki sita ndani ya kiatu cha plastiki kikubwa kama ndoo.

Mama akapiga simu ya video.
"Umekanyaga nini?"
"Uskochi, mama."
"Peku?"
Kimya.
"Na dawa ya minyoo umekunywa?"

Sasa ni mwezi wa kumi. Dakika kumi na mbili, sizidishi.
Najua mahali bomba la maji moto linapopita chini ya njia,
maana hapo lami ina homa.
Najua rangi nyeupe ya njia ya baiskeli
huteleza hata kabla ya mvua.
Goti? Halijapona lote. Limepunguza maneno.
Vile viatu vya godoro viko nyumbani,
kimoja kinazuia mlango usibamize.

Mtu akitoka mbio kwetu husemwa: mguu niponye,
na kila mtu hugeuka kutazama anakimbia nini.
Mimi nyuma yangu hakuna kitu.
Treni inavuka daraja kwenda Fife, madirisha yamewaka,
nami bado sijaanza,
nimesimama nikitazama vidole vyangu kumi nyasini,
vimeachana, kila kimoja na kiwanja chake,
vichafu.

Haya basi, mguu.