Kifurushi cha Kuchekea

Isyonje, saa moja asubuhi. Ukungu
umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuinuka.
Atuganile amekuja na jani la kiazi
ndani ya mfuko wa chumvi,
madoa meusi, ukingo umelowa.
"Niwekee bando, Baba Lusajo.
Nataka kuwauliza wa Uyole huu ugonjwa gani."

Ana mia tano.
Kwa mia tano ninacho kile cha kuchekea:
harusi za watu, umbea, vichekesho,
siku nzima, bila kikomo.
Kurasa za Uyole hazimo.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kuku aliyefungwa kamba mguuni.
"Mbona bibi harusi anacheza vizuri tu
na kiazi changu kimekwama?
Kwani hiki kitu waliweka cha nini?"

Mimi ndiye muuzaji. Nikakohoa.

Nimezaliwa Igurusi, kwenye mpunga.
Mjomba Ngailo alishika ufunguo wa lango la mfereji.
Maji yenyewe hayaulizi
huyu ana bati, huyu nyasi,
huyu kapanda mpunga, huyu kitunguu.
Yanashuka tu.
Mfereji ulichimbwa na wote, viganja vikachubuka.
Anayeuliza ni mwenye ufunguo,
na mjomba aliuliza.
Ukileta jogoo, maji yanafika usiku huohuo.
Usipoleta, shamba linapasuka nyufa.
Jogoo wale niliwala. Siwezi kusema sikujua.

Siku hizi ufunguo uko mbali,
hauna uso wa kuusalimia,
na mchuzi wake nauza mimi, kwa rejareja.

Wanunuzi wakija na lumbesa tunapiga kelele:
gunia gani hili lenye kilemba!
Lakini hili jingine, la hewani,
linaloshonwa mdomo kabla hujatia kitu,
nani amelipeleka mizani?

Nikampa simu yangu, yenye bando la kila kitu.
Picha ikafunguka polepole, jani kama lake.
Bakajani.
Akalitamka taratibu, kama jina la mdeni,
kisha akakimbia bondeni, kanga ikining'inia.

Mia tano yake ipo mezani, sijaitia koponi.
Nyuma yake wamesimama wanne,
mmoja kabeba mche wa parachichi na mizizi yake,
na simu yangu ni moja,
na chaji imebaki kidogo.