Maua ya Harusi ya Nyanzobe

Yalikuja ndani ya bahasha ya khaki,
robo kilo, kutoka Njombe, kwa basi.
Pale stendi ya Nyegezi kondakta alinikabidhi,
akanusa vidole vyake, akauliza:
"Mama, hii ni dawa ya nini?"
Ya keki, nikamjibu. Akacheka.
Nami sikujua zaidi yake.

Lavenda. Jina nililijua kwenye sabuni,
kwenye kopo la kupulizia choo cha hoteli,
kwenye shuka za wagonjwa wa kulipia, kule Bugando.
Kwenye ulimi, sikuwahi.
Lakini Nyanzobe aliagiza hivyo: keki ya ngazi tatu,
nyeupe, na ndani yake ua la zambarau
alilowahi kulionja mara moja, ugenini, hakusema wapi.
Akaacha arbuni, elfu themanini,
noti mpya zinazokwaruza.

Keki ya majaribio niliitia vijiko vitatu.
Mkono wangu ni wa pilau, haujui kubania.
Nikaoka nilivyozoea: sufuria ndani ya sufuria,
mchanga chini, mkaa juu ya kifuniko.
Harufu ikateremka kati ya mawe ya Mabatini
hata Mama Milembe akatoka nje kutazama
nani anafua usiku wote huu.
Lugola alikula kipande kimoja, akashushia maji:
"Nimeshiba," akasema, "na nimeoga."

Ua hili halitaki ukarimu.
Lataka ncha za vidole viwili, basi.
Lisage na sukari kwenye kinu cha iliki,
ila kinu ukioshe kwanza; iliki ni mwenye nyumba,
hapendi wageni wanaonukia.
Au lilaze kwenye maziwa ya moto, ufunike,
umenye vitunguu vitano bila haraka,
kisha chuja, kabla halijakumbuka uchungu wake.
Ganda la limau. Asali. Siagi isiyo na chumvi.
Na madirisha funga:
upepo ukitokea Mwaloni, kila kitu ni dagaa.

Nilipokwisha kuyajua haya, simu ikalia.
Jumatano, siku kumi kabla ya ndoa.
"Keki acha kwanza."
Sikuuliza. Kuna sauti haiulizwi.

Basi masika yote tuliila harusi ile.
Tuliila kwenye maandazi. Kwenye uji wa ulezi
ikagoma, nikamwaga, Mungu anisamehe.
Watoto walikwenda shule wakinukia kama bibi harusi.
Siku moja nikathubutu: sato wa kuchoma,
kitunguu saumu, na chembe nne tu tumboni mwake.
Lugola hakusema kitu. Alinyonya mfupa
mpaka ukawa mweupe.

Mwezi wa tano akaja mwenyewe,
viatu mkononi, ngazi za mawe zimelowa.
Amefuata arbuni.
Na arbuni, ukweli usemwe, nusu yake
ilishageuka unga na ada ya shule.
Nikamwambia akae, nitafute, nikijua pa kutafuta hapapo.
Nikamwekea chai, na biskuti za jana.

Akang'ata moja. Taya zikasimama.
Akatazama dirishani, ziwa likiwa na ukungu,
halafu akaendelea kutafuna, polepole,
kiganja kikikinga makombo chini ya kidevu.
Ya pili. Ya tatu.
Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi,
leso nimeshaishika.
"Umezidisha limau," akasema.

Nikamhesabia arobaini. Iliyobaki, mwisho wa mwezi.
Akaitia pochini bila kuhesabu.
Biskuti nilimfungia kwenye gazeti, akazipokea
kama mtu anayepokea kitu chake.
Kwenye kizingiti akavaa kiatu kimoja, akasita:
"Sivyo zilivyokuwa zile nilizokula mimi.
Lakini si mbaya."
Akashuka, mguu mmoja ukiwa peku.

Bahasha ina kama kijiko na nusu.
Naiweka juu ya kabati, mbali na iliki.
Jana nimeoka tena.
Nimepunguza limau.